Kilichokufa ni Mpira: Jinsi Spika za Zamani Zinavyozeeka

Baba mdogo alikuwa baharia. Safari moja ya mwishoni mwa miaka ya 1970 alirudi Tanga na jozi ya spika zilizomfika mtu mzima kiunoni, na kwa miaka mingi hakuna harusi ya ukoo iliyopita bila kuziazima. Katikati ya miaka ya 1990 zikaanza kukoroma. Kila besi ikigonga, ndani kulisikika kama mtu anachana gazeti. Fundi aliyeitwa akavua kitambaa cha mbele, akagusa ukingo wa koni kwa kidole, ukamomonyoka kama mkate mkavu. "Hizi zimekufa, mzee," akamwambia baba mdogo. Akang'oa wufa mbili za asili, zile spika kubwa za besi zilizomo ndani ya boksi, akaweka nyingine za mtumba zilizoenea kwenye tundu. Zile za asili zilienda kwa muuza vyuma chakavu, kwa ajili ya shaba na chuma chake. Muziki wa nyumba ile haukurudi tena ulivyokuwa.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba siku ile hakuna spika iliyokufa. Kilichooza ni pete ya sponji, nyepesi kuliko kiberiti. Koni ilikuwa nzima, koili nzima, sumaku ingeweza kudumu karne nyingine. Anayetaka kukusanya au kufufua vyombo vya muziki vya zamani ni bora aanzie hapo: spika haina umri mmoja. Kila kilichomo ndani ya boksi kinazeeka kwa mwendo wake, na vingine havizeeki kabisa. Ukijua kipi ni kipi, umeshamaliza nusu ya kazi kabla hujashika bisibisi.

Muundo wenyewe ni wa zamani. Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric ya Marekani, waliuchapisha mwaka 1925, na wufa ya leo wangeitambua mara moja. Waya mwembamba wa shaba umezungushwa juu ya mrija mdogo. Hiyo ndiyo koili. Koili inaelea ndani ya ufa wa sumaku, ufa mwembamba kiasi kwamba punje ya mchanga ikiingia humo utaisikia. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, sumaku inaisukuma mbele na kuivuta nyuma, nayo inaibeba koni, na koni inasukuma hewa. Ili koili isigonge kuta za ufa, koni inashikiliwa sehemu mbili. Nyuma kuna kitambaa kigumu chenye mikunjo ya mawimbi. Mbele, ukingoni, kuna pete laini ambayo mafundi wengi huiita mpira hata pale ambapo si mpira.

Koni ya karatasi iliyokaa mahali pakavu inaweza kuvuka miaka 60 bila shida. Shaba ya koili haizeeki, inaungua tu, na mwenye kosa mara nyingi ni aliyefungulia sauti hadi mwisho. Fremu ya chuma hupata kutu ya juujuu. Ile pete ya mbele ndiyo yenye ajali yake.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, watengenezaji wengi walihamia kwenye pete za sponji ya poliurethani. Walikuwa na sababu nzuri. Sponji ni nyepesi, inafinyangwa kirahisi, na inameza mtikisiko unaofika ukingoni mwa koni badala ya kuurudisha. Tatizo limo kwenye kemia yake. Aina iliyotumika sana imejengwa kwa minyororo mirefu ya molekuli, na viungo vya minyororo hiyo maji yana uwezo wa kuvikata. Si lazima spika imwagiwe maji. Unyevu wa hewani unatosha. Kila kiungo kinapokatika huacha asidi kidogo, na asidi hiyo inaharakisha kukatika kwa viungo vinavyofuata, joto nalo likichochea. Ndiyo maana pete inaonekana salama miaka kumi na kitu, kisha ndani ya muda mfupi inageuka kuwa utomvu unaonata au vumbi.

Sasa fikiria hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja mwezi wa Aprili. Sisi wa pwani tunaishi ndani ya maabara ya kuozesha sponji. Hapo pia ndipo penye jibu kwa muuzaji anayekuapia kwamba spika zake "hazijawahi kupigwa, zipo kwenye katoni zake." Inawezekana kabisa ni kweli, lakini unyevu haungoji muziki. Spika iliyofungiwa stoo miaka 30 na spika iliyopigwa kila Jumamosi zinaoza pete karibu sawasawa.

Inafaa kueleza kwa nini pete ndogo namna ile ina uzito mkubwa hivi, na kwa hilo hakuna mfano mzuri kuliko spika za Acoustic Research, kampuni iliyoanzishwa Cambridge, Massachusetts, mwaka 1954. Waanzilishi walikuwa Edgar Villchur, aliyekuwa akifundisha New York, na Henry Kloss, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Zama zile, aliyetaka besi ya kweli alihitaji boksi la ukubwa wa kabati la nguo. Villchur aliona kwamba wufa za wakati ule zilishikiliwa na vitambaa vigumu, na ugumu huo haukuwa sawa: koni ikienda mbali kidogo, springi yake inabadilika na sauti inapindika. Akailegeza wufa kabisa, akaifungia ndani ya boksi dogo lisilovuja hewa, na kuiachia hewa yenyewe kazi ya springi.

Chukua pampu ya baiskeli, ziba mdomo wake kwa dole gumba, kisha sukuma. Mpini unarudi wenyewe. Hewa iliyofungiwa ni springi laini na ya haki kuliko kitambaa chochote. Villchur alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1956, na spika aina ya AR-3 ya mwaka 1958, ikiwa na boksi ambalo mtu mmoja anaweza kulibeba, ilitoa besi iliyowashangaza waliozoea makabati. Rafu za vitabu za dunia nzima zikaanza kubeba spika kwa sababu yake.

Ila springi ya hewa ina sharti moja: hewa isitoke. Pete ya wufa hapo ni mlinda mlango. Ikipata tundu dogo tu, boksi linavuja, hewa haisukumi tena, na koni iliyolegezwa makusudi inapepesuka bila breki. Aliyemwekea baba mdogo wufa zozote zilizoenea tundu alidhani anabadilisha kitoa sauti. Kumbe alikuwa anavunja mapatano kati ya wufa na boksi lake. Wufa ngumu iliyoundwa kwa boksi lenye tundu la kupumua, ukiifungia kwenye boksi dogo lililozibwa, besi inakauka. Ukifanya kinyume chake, unapata besi nzito isiyo na umbo, na wufa inaweza kujipiga hadi ipasuke.

Kuna kipimo cha mikono mitupu kwa maboksi ya aina hii. Weka vidole vya mikono miwili pande zote za koni, sukuma polepole kwa usawa, kisha achia. Ikirudi taratibu kama inayopumua, hewa imo. Ikirudi papo hapo, kuna mahali panavuja: pengine pete, pengine kifuniko cha katikati, pengine gundi ya wufa na mbao.

AR-3 za mwanzo zilikuwa na pete za kitambaa kilichopakwa utomvu wa raba, na nyingi zipo hai hadi leo. Sponji ilikuja baadaye. Kwa hiyo si kila spika ya zamani inahitaji pete mpya, na mnunuzi anayejua majina anaokoa fedha. JBL L100, iliyotoka mwaka 1970, ina wufa yenye pete ya kitambaa chenye mikunjo, nayo haiozi. Kinachooza katika spika hiyo ni sponji ya mapambo iliyo mbele, ile yenye vipande vya mraba kama chokoleti. Inabomoka na kumwaga vumbi juu ya koni. Spika ndogo za LS3/5A zilizobuniwa na idara ya uhandisi ya BBC miaka ya 1970 zina pete za raba bandia, na hizo pia zinadumu. Lakini ukikutana na Advent, spika alizotengeneza Kloss baada ya kuachana na mwenzake, hesabu kwamba pete zimekwisha au zimeshabadilishwa.

Kubadilisha pete ni kazi ya saa chache na subira ya siku nzima. Mabaki ya zamani yanakwanguliwa kwa kijiti na spiriti, si kwa kisu. Pete mpya inapimwa sehemu nne: ukingo wa nje, tuta linapoanza, tuta linapoishia, na kipenyo cha koni. Wengi hupima kipenyo cha nje pekee na kuambulia pete inayovuta koni upande. Tumia gundi nyeupe inayokauka polepole, kwa sababu unahitaji dakika za kusogeza. Gundi ile inayoshika papo kwa papo inakunyima nafasi ya kutubu. Gundisha kwanza kwenye koni, iache ikauke. Ndipo ugundishe kwenye fremu huku ukipitisha sauti ndogo ya hezi 30, yaani mitetemo 30 kwa sekunde, na kusikiliza. Koili ikigusa ukuta utasikia mkwaruzo mwembamba. Sogeza koni hadi mkwaruzo upotee, kisha ondoka chumbani mpaka kesho yake.

Nimeona pete zilizokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na nyingine za kitambaa cha jinzi. Ninawaheshimu mafundi waliozibuni. Walikuwa na mteja mlangoni na hawakuwa na pete. Lakini raba ya tyubu ni nzito na ngumu mno, na wufa iliyobeba uzito huo haishuki tena kwenye sauti za chini ilizoumbiwa.

Tuje kwenye sumaku, kwa sababu hapa sokoni kuna imani nyingi. Wakusanyaji huulizana, "Ni Alniko au feraiti?" Alniko ni mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Feraiti ni oksidi ya chuma iliyokandwa na kuchomwa kama tofali, ndiyo ile pete nyeusi pana iliyo nyuma ya wufa nyingi. Spika za hadhi za miaka ya 1950 hadi 1970 zilipenda Alniko. Baada ya hapo zikahamia feraiti karibu zote kwa mkupuo. Wengi hudhani uhandisi ulisonga mbele, au kwamba makampuni yalishikwa na ubahili. Chanzo kikubwa kilikuwa Kolwezi.

Kobalti ya dunia wakati ule ilitoka zaidi Zaire, Kongo ya Kinshasa ya leo, katika jimbo ambalo Mobutu alikuwa amelipa jina la Kiswahili, Shaba; ndiyo Katanga. Mwezi Mei 1978 wapiganaji walivuka kutoka upande wa Angola wakauteka mji wa Kolwezi, kitovu cha migodi. Watu wengi waliuawa, wataalamu wakakimbia, uzalishaji ukayumba, na bei ya kobalti ikapanda mara kadhaa. Kampuni za spika huko California na Uingereza, ambazo hazikuwa na habari kubwa na Shaba, zikajikuta zinachora upya sumaku zao. JBL ilibuni njia mpya ya kupanga chuma kuizunguka feraiti ili ufa wa koili upate nguvu iliyo sawa mbele na nyuma. Kila ninapoiona wufa ya mwaka 1977 kando ya nyingine ya mwaka 1981, zenye jina moja na migongo tofauti, naikumbuka Kolwezi na watu wake, ambao lugha yao ya mtaani ni hii tunayosoma sasa.

Je, Alniko ni bora? Ina udhaifu ambao wapenzi wake huutaja kwa sauti ya chini: mshindo mkubwa wa umeme au kipigo kizito kinaweza kuipunguzia nguvu, ingawa mtambo maalumu unaweza kuirudishia. Feraiti ni sugu zaidi kwa hilo. Mimi siongezi bei kwa sababu ya Alniko peke yake. Naangalia spika nzima.

Nyuma ya wufa na tuita, ile spika ndogo ya sauti za juu, kuna krosova, kibao kinachogawa muziki. Koili zake huzuia sauti za juu zisiende kwenye wufa, kapasita huzuia sauti za chini zisiende kwenye tuita. Koili hizo ni shaba tupu, ziache. Kapasita ndizo zinazozeeka, hasa zile za maji, zenye karatasi iliyoloweshwa kemikali ndani ya kopo la alumini. Maji yanakauka au kipimo kinahama. Chukua kapasita ya maikrofaradi 6.8 mbele ya tuita ya omu 8: kwa hesabu, inaanza kukata takriban hezi 2,900. Ikihama hadi maikrofaradi 9, mpaka unashuka hadi hezi 2,200 hivi, na tuita ndogo inabebeshwa mzigo wa sauti ambazo haikuumbiwa. Kwa nje mtu anasikia ukali tu na kuilaumu tuita.

Wengi wakishajua hilo wanakimbilia kapasita za plastiki za bei kubwa. Zinadumu, hilo sipingi. Lakini kapasita ya zamani ilikuwa na ukinzani wake wa ndani, na aliyebuni spika aliusikiliza ukiwamo. Ukiuondoa, tuita inaweza kupiga kelele kuliko ilivyokusudiwa, na mwenye spika anajisifu kwamba "imefunguka." Rezista, kifaa kidogo cha kuongeza ukinzani, ya nusu omu hadi omu moja, ikiunganishwa kwa mfululizo, mara nyingi inairudisha sauti mahali pake. Hapa masikio yanatakiwa kuwa na unyenyekevu. Fanya spika moja kwanza, iache ya pili ilivyo, sikiliza zote mbili kwa siku kadhaa.

Na kabla ya kuihukumu tuita kwamba imeungua, zungusha vile vitufe vya nyuma ya boksi. AR na wenzake waliweka vitufe vya kupunguza sauti za kati na za juu, na ndani yake chuma kinashika kutu hadi umeme haupiti. Tuita ngapi zimetupwa kwa kosa la kitufe! Zungusha mara ishirini huku na huku, na pengine itaamka. Tuita nyingi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 zina pia mafuta ya sumaku ndani ya ufa, ya kupoza koili. Yakikauka yanakuwa gamu na tuita inanong'ona; dawa yake ni kuyafuta kwa kipande cha karatasi yenye spiriti na kuweka mengine yenye uzito uleule.

Onyo moja lisiachwe. Yamaha NS-1000, iliyotoka mwaka 1974, ina kuba za beriliamu, aina ya metali nyepesi, kwenye tuita na kwenye spika ya sauti za kati. Zikiwa nzima hazina neno. Zikipasuka, vumbi la beriliamu ni sumu ya mapafu: usizikwangue, usizipige msasa, usimruhusu mtoto aziguse.

Kuhusu amplifaya nitasema machache, ingawa ndiyo inayoua watu. Nyingi za mtumba zilitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, volti 100, au Marekani, volti 120. Sisi tuna 230 hadi 240. Soma bamba la nyuma kabla ya kuchomeka, na kama hakuna kitufe cha kuchagua volti, tafuta transfoma. Amplifaya iliyolala miaka mingi usiichomeke moja kwa moja. Unga balbu ya kizamani ya wati 60 au 100 kwa mfululizo kwenye waya wa umeme. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, kuna shoti ndani, nayo balbu imekuokoa na moto. Kumbuka pia kwamba kapasita kubwa za ndani zinabeba umeme hata baada ya kuchomoa waya.

Ukienda kununua, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, beba mita ya kupimia omu, tochi na betri moja ya volti 1.5. Spika ya omu 8 itasoma omu 6 hadi 7 kwenye mita. Ikisoma omu 0 au isisome kabisa, tafuta sababu kabla ya kutoa pesa. Gusisha betri kwenye wufa kwa nukta moja tu: koni ichupe na kurudi bila mkwaruzo. Tuita usiipime kwa betri. Kisha omba uvue kitambaa cha mbele. Muuzaji akikataa, unajua kwa nini. Mulika tundu la kupumulia, maana huku kwetu mende na mijusi hufanya humo makazi. Bonyeza kona za chini za boksi: chipbodi iliyokunywa maji huvimba na haina dawa, wakati wufa iliyooza pete ina dawa. Mimi hukubali kwa furaha jozi yenye pete zilizomomonyoka na maboksi mazima, na bei hushuka kwa sababu kila aliyetangulia aliona maiti.

Ndani ya maboksi mengi ya zamani kuna sufi ya kioo. Funika pua na mdomo unapoitoa, na irudishe yote, kwa sababu kiasi chake kilipimwa kiwandani na kinabadilisha namna hewa inavyofanya kazi ya springi. Kapasita ulizong'oa usizitupe. Mimi huzitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na karatasi yenye tarehe, vipimo nilivyovikuta na vile nilivyoviweka, kisha naugundisha mfuko ukutani ndani ya boksi, juu ya sufi, mahali ambapo fundi wa miaka 30 ijayo akifungua wufa mkono wake utaufikia kwanza.